Utafiti wa Makampuni na Tija ya Kazi: Mfano wa Alizeti ya Mwankoko

Mwankoko ni kata mojawapo ya Manispaa ya Singida, katika nyanda kavu za katikati ya Tanzania. Mvua ya huko huja kwa msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na wenyeji, ambao wengi wao ni Wanyaturu, hulima uwele na mtama kwa chakula, na alizeti kwa mafuta na kwa fedha. Safari ya alizeti si ndefu. Hupurwa, hutiwa katika magunia, hupelekwa kwenye mashine za kukamulia za Singida, kisha mafuta yake huuzwa katika madumu kando ya barabara kuu, na mashudu yake huwa chakula cha mifugo. Mwenye kutazama shughuli hii juujuu huona vitu vitatu: shamba, mashine na soko. Lakini kipo kitu cha nne kisichoonekana kwa macho, nacho ni utafiti uliotangulia mbegu na mashine. Ni vema kuuliza fedha inayotumiwa katika utafiti huongeza tija ya kampuni kwa njia gani, na kama huiongeza, kwa nini wenye makampuni wengi wasite kuitoa.

Kwanza hapana budi maneno yenyewe yapambanuliwe, maana katika jambo hili maneno huchanganywa mara nyingi. Faida ni kile kinachobaki mkononi mwa mwenye mali baada ya gharama zote kutolewa. Tija, katika maana yake ya kiuchumi, ni kadiri ya pato linalopatikana kwa kila kipimo cha kazi, cha mashine, cha ardhi au cha malighafi. Mwenye mashine ya kukamua aweza kupata faida kubwa mwaka mmoja kwa sababu bei ya mafuta imepanda, hali tija yake haikusogea hata kidogo. Kinyume chake, tija yaweza kupanda na faida ikashuka, kama bei imeanguka. Utafiti nao, katika maana inayohusu makampuni, si kazi ya maabara peke yake. Ni kila kazi yenye utaratibu ambayo shabaha yake ni kupata maarifa mapya, au kuyatumia maarifa yaliyopo ili kuunda kitu kipya au njia mpya ya kufanya kazi. Sehemu hii ya pili huitwa uendelezaji. Kwa kipimo hicho, mkamuaji anayepima unyevu wa mbegu na moto wa mashine yake, akaandika matokeo na kuyalinganisha siku hata siku, naye ni mtafiti, ingawa hakuna mtu amwitaye hivyo.

Uhusiano wa utafiti na tija umepimwa kwa miaka mingi. Mwaka 1957 mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, aliuchunguza uchumi wa nchi yake tangu 1909 hata 1949. Alikuta kwamba pato la kila saa ya kazi lilikuwa limeongezeka maradufu, na kwamba katika kila sehemu nane za ongezeko hilo ni moja tu iliyotokana na wingi wa mitambo. Saba zilizobaki zilitokana na mabadiliko ya ufundi, yaani maarifa kwa maana pana. Mwaka uliofuata, 1958, Zvi Griliches alihesabu fedha yote iliyotumiwa nchini humo, na serikali na makampuni pamoja, katika kutafiti mahindi chotara, akakadiria kwamba fedha hiyo iliirudishia jamii si chini ya asilimia 700 kwa mwaka. Ni kweli kwamba alichagua zao lililofanikiwa, wala haifai kudhani kwamba kila utafiti hulipa namna hiyo. Tafiti nyingi zilizofuata, zilizopima makampuni moja moja, zilileta hesabu za kiasi zaidi. Bronwyn Hall, Jacques Mairesse na Pierre Mohnen walizikusanya mwaka 2010, na yaonekana kwamba, kwa kadiri ya kati, mtaji wa utafiti wa kampuni ukiongezeka kwa asilimia 10, pato lake huongezeka kwa kiasi kinachokaribia asilimia 1 bila kuifikia. Ongezeko hilo si dogo likikumbukwa kwamba hupatikana kwa wafanyakazi wale wale na mashine zile zile.

Ili jambo hili lieleweke, na ichukuliwe hesabu ndogo ya mfano. Mashine moja yakamua kilo 100 za alizeti ya ganda nene na kutoa kilo 25 za mafuta. Siku ya pili mashine hiyo hiyo, kwa mtu yule yule, kwa umeme ule ule na kwa muda ule ule, yakamua kilo 100 za alizeti ya ganda jembamba yenye kiini kilichojaa, na kutoa kilo 35. Tija ya mfanyakazi imepanda kwa asilimia 40, na tija ya mashine vivyo hivyo, wala hapana mtu aliyeigusa mashine. Tofauti yote imo katika mbegu, na mbegu ni kazi ya mtafiti aliyekaa mbali sana na kiwanda. Basi tija ya kiwanda cha mafuta huamuliwa kwa sehemu kubwa shambani, kabla gunia halijafika mlangoni.

Historia ya mbegu ya alizeti nchini Tanzania yathibitisha neno hilo. Aina inayojulikana zaidi ni ile iitwayo Record, iliyoingizwa nchini tangu miaka ya 1950, na ikaendelea kulimwa kwa vizazi kadhaa. Utunzaji wa aina hiyo na utafiti wa nyingine mpya umekuwa hasa mikononi mwa kituo cha Ilonga, wilayani Kilosa, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Uzalishaji wa mbegu ni kazi ya Wakala wa Mbegu za Kilimo, ulioanzishwa mwaka 2006, pamoja na makampuni ya watu binafsi. Record ni mbegu ya uchavushaji huria, yaani mkulima aweza kuweka sehemu ya mavuno yake na kuipanda tena. Hilo ni jema kwa mkulima asiye na fedha, lakini lina hasara yake. Alizeti huchavushwa na nyuki, na Singida ni nchi ya nyuki wengi. Nyuki hachungui mpaka wa shamba. Akitoka kwenye alizeti ya kienyeji ya jirani, hubeba chavua yake mpaka kwenye Record, na baada ya misimu michache mbegu aliyoitunza mkulima huwa si ile aliyoinunua. Ganda huwa nene, mafuta hupungua, na mwenye mashine mjini huona tija yake ikishuka bila kujua sababu.

Hapo ndipo swali la fedha linapoingia. Ikiwa tija ya kiwanda hutegemea mbegu, mbona mwenye kiwanda asitoe fedha ya kutafiti na kueneza mbegu bora? Jibu si uchoyo wala ujinga. Na ichukuliwe kampuni ya kukamua inayogharimia mashamba ya majaribio katika kata kama Mwankoko, ikagawa mbegu iliyojaribiwa kwa mkopo, ikalipa na mshahara wa bwana shamba. Mavuno yakija, mchuuzi afika na pikipiki au lori, atoa shilingi chache zaidi kwa kila gunia, naye hana deni la mbegu la kufidia wala bwana shamba wa kumlipa. Mkulima auza kwake. Kampuni iliyolipia utafiti yabaki na gharama, na mkamuaji mwingine apata mbegu yenye mafuta mengi. Aidha, kwa kuwa mbegu ya uchavushaji huria yaweza kupandwa tena, msimu wa pili hapana anayerudi kununua. Maarifa, tofauti na gunia, hayawezi kufungiwa ghalani.

Wanauchumi walilieleza jambo hili mapema. Richard Nelson mwaka 1959, na Kenneth Arrow mwaka 1962, walionyesha kwamba maarifa yakishapatikana huvuja, na kwa hiyo kampuni zinazotafuta faida yao wenyewe zitatumia katika utafiti fedha chini ya ile inayofaa jamii nzima. Edwin Mansfield na wenzake walilipima neno hilo mwaka 1977 kwa uvumbuzi 17 wa viwandani. Uvumbuzi wa katikati katika orodha yao uliirudishia jamii asilimia 56 kwa mwaka, lakini kampuni zilizogharimia zilipata asilimia 25 tu. Tofauti hiyo ndiyo mali iliyowaendea washindani, wanunuzi na majirani. Katika nchi ya viwanda vikubwa, hati za uvumbuzi huzuia uvujaji huo kwa kiasi. Katika zao la alizeti, kizuizi kilicho hai ni mbegu chotara, kama ile iitwayo Hysun 33 inayotoka nje, kwa sababu uzao wake hausimami katika msimu wa pili na mkulima hana budi kununua upya. Ndiyo sababu makampuni ya mbegu hupenda kutafiti chotara, na mbegu huria huachiwa serikali. Si kwamba moja ni bora kila mahali kuliko nyingine. Ni kwamba moja humrudishia mtafiti gharama zake na nyingine haimrudishii.

Mashine nazo zina historia yao. Katika miaka ya 1980 wakulima wengi wa vijiji vya kaskazini na katikati ya nchi walilima alizeti lakini hawakuwa na njia ya kuikamua karibu na nyumbani. Mwaka 1985 mhandisi Carl Bielenberg, akifanya kazi mkoani Arusha katika mradi wa alizeti ya vijijini, aliunda mashine ndogo ya mkono yenye mpini mrefu na bomba la chuma linalosukumwa ndani ya mtungi wenye matundu. Haikuhitaji umeme, na mafundi wa nchini waliweza kuitengeneza. Baadaye Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981, kilishiriki katika kuiboresha na kuipunguza uzito. Mashine hiyo ilienea hata Kenya, Zambia, Msumbiji na Zimbabwe. Funzo lake kubwa, lakini, ni hili: ilifanya kazi vema kwa mbegu ya ganda jembamba kama Record, na kwa mbegu ya ganda gumu ilitoa mafuta kidogo kwa jasho jingi. Utafiti wa mashine na utafiti wa mbegu walikuwa kama ng'ombe wawili wa plau moja. Mmoja akilala, mwingine hawezi kulima.

Hali ni hiyo hiyo kwa mashine za umeme zilizofuata. Mashine ndogo ya skrubu huacha ndani ya mashudu mafuta yapata asilimia 8 au zaidi, na kiwanda kikubwa kinachotumia kiyeyusho huacha asilimia 1 hivi. Mwenye mashine ndogo hana uwezo wa kununua mtambo wa kiyeyusho, lakini ana mengi ya kujifunza katika mashine aliyo nayo: unyevu wa mbegu, kuipasha moto kabla ya kukamua, kubadili skrubu iliyochakaa, kuondoa maganda kwa kiasi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likifundisha mambo ya namna hiyo. Hata hivyo mafundisho hayamfai sawasawa kila asikiaye. Mwaka 1989 Wesley Cohen na Daniel Levinthal walieleza kwamba utafiti una nyuso mbili. Uso wa kwanza huzaa maarifa mapya. Uso wa pili humpa mtafiti uwezo wa kuyapokea maarifa ya wengine. Kampuni isiyopima lolote katika kazi yake yenyewe haitajua lipi la kuchukua katika yale yaliyogunduliwa Ilonga au Arusha, hata likiletwa bure mlangoni.

Kwa hiyo kosa kubwa si kwamba wakamuaji wa Singida hawana maabara. Kosa ni kwamba alizeti hununuliwa kwa gunia au kwa kilo, bila kupima mafuta yaliyomo. Mkulima wa Mwankoko aliyenunua mbegu bora na yule aliyepanda masalio ya ghalani hulipwa bei moja. Basi yule wa kwanza ana sababu gani ya kununua tena? Kipimo cha mafuta mlangoni mwa kiwanda, na bei inayokifuata, ni utafiti wa gharama ndogo ambao hauvuji: mwenye kupima hupata malighafi iliyo bora kuliko ya mshindani wake asiyepima, na mkulima hupata malipo ya mbegu yake. Hapo ndipo fedha ya utafiti inapogeuka kuwa tija ya kampuni na mapato ya shamba kwa pamoja.

Yale yasiyoweza kugharimiwa na kampuni moja yafaa yagharimiwe kwa umoja, na mfano wake upo nchini. Mwaka 1996 iliundwa Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania, na mwaka 2001 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, yenye makao yake Lyamungu, Kilimanjaro. Katika zote mbili wenye zao walikubali kuchangia utafiti kwa kadiri ya mazao yanayouzwa, pamoja na misaada mingine. Mchango wa namna hiyo huponya ugonjwa alioueleza Arrow, kwa kuwa anayefaidi na anayelipa huwa ni wale wale. Chai na kahawa, lakini, hupita katika milango michache, viwandani au mnadani, na mchango hukatwa hapo kwa urahisi. Alizeti hupita katika mamia ya milango midogo. Ugumu wa kukusanya mchango ndiyo sababu mojawapo ya serikali kubeba mzigo wa mbegu, kama ilivyofanya mwaka 2021 ilipoihimiza mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu na kuipelekea mbegu ili nchi ipunguze kuagiza mafuta ya kula.

Tena pana suala la wakati. Utafiti hulipa baada ya miaka, na bei hugeuka kwa mwezi. Katika mavuno ya 2023 bei ya alizeti ilishuka sana katika mikoa ya kati, mafuta ya kutoka nje yakiwa mengi sokoni. Mbegu haikuwa imeharibika wala mashine hazikuwa zimechakaa. Tija ya kila mmoja ilikuwa pale pale, lakini faida iliondoka, na mkulima asiye na faida hupunguza shamba au hurudi kwenye mbegu ya ghalani. Mashine nayo ikikosa alizeti husimama, na mashine iliyosimama haina tija yoyote. Hivyo msimu mmoja wa bei mbaya waweza kufuta kazi ya utafiti ya miaka mingi. Anayepanga kodi ya mafuta ya kuagizwa anapanga pia, ajue asijue, kiasi cha utafiti kitakachofanyika.

Limebaki jambo moja linalowahusu hasa wataalamu wa lugha. Uwezo wa kupokea maarifa ni uwezo wa kuelewa maneno yake. Mbegu za daraja la kati, ambazo mkulima aliyesajiliwa huruhusiwa kuzizalisha kwa ajili ya majirani chini ya ukaguzi, zimepewa jina la mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Waliolitunga walikusudia kwamba ubora wake umetangazwa na mzalishaji mwenyewe. Lakini kuazimia ni kukata shauri, na kuazima ni kuchukua kitu cha mtu kwa muda kisha kukirudisha, na maneno hayo mawili hukaribiana mno katika mnyambuliko. Sikio laweza kusikia ubora ulioazimwa, yaani ubora usio wake. Chotara nalo ni neno linaloeleza asili mbili za mbegu, lakini halisemi lile ambalo mkulima huhitaji kulijua kuliko yote, kwamba mbegu hiyo haifai kurudiwa. Mtu akipanda uzao wa chotara akavuna haba, hulaumu utafiti wote, na lawama hiyo hufika mpaka kiwandani katika umbo la magunia mepesi. Istilahi ikitungwa bila kusikilizwa kwanza shambani, fedha iliyotumiwa katika maabara hupotea katika hatua ya mwisho ya safari.

Kwa ufupi, utafiti huongeza tija ya makampuni, na ushahidi wake ni mwingi. Lakini hauongezi kama mbolea inyunyizwavyo popote. Wahitaji mashine na mbegu ziendazo pamoja, mwenye kiwanda apimaye kazi yake, bei inayomlipa mkulima kwa ubora wa alizeti yake, umoja wa kugharimia yale yanayovuja, na lugha inayofikisha neno lilivyokusudiwa. Kikikosekana kimoja, vingine hupungukiwa nguvu. Mkulima wa Mwankoko hana haja ya kuyajua majina ya Solow na Griliches. Atajua kama utafiti umefaulu siku atakapofikisha gunia lake mashineni, likapimwa mafuta mbele ya macho yake, akalipwa zaidi ya jirani yake aliyepanda masalio.